Unataka kufungua kanisa Tanga, au kufungisha ndoa? Pitia hapa kwanza kabla hujachapisha kadi

Mwezi uliopita mpwa wangu kanipigia simu. Shikamoo mjomba. Marhaba. Mjomba mi sasa hivi ni mchungaji. Nikamuuliza mchungaji wa nini, wa mbuzi? Maana kijana namjua, kakulia Makorora hapa hapa, anatengeneza simu Ngamiani, kanisani tunamuona Krismasi na siku za michango ya harusi basi. Kumbe kaingia kwenye intaneti, kajaza fomu ya watu fulani wa Marekani, jina na imeili tu, kabonyeza, haikupita hata nusu saa katumiwa cheti kwamba yeye ni mtumishi aliyewekwa wakfu, akakiprinti cha rangi stesheni akakipiga na laminesheni. Na tayari rafiki yake kamuomba amfungishie ndoa Raskazone, ufukweni, jua likizama, mpiga picha kashalipwa advansi.

Nikamwambia njoo nyumbani tuongee kabla hamjajiaibisha wote. Haya ninayoandika ndo yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine niliyoyajua kwa kuzunguka maofisini kama katibu wa kanisa letu la mabati huku Mikanjuni, mpaka soli zikaisha. Mi sio wakili jamani. Ila karatasi hizi nimezibeba kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwanza lile swali ambalo kila mtu anadhani lina jibu, sheria ya Tanzania inasema dini ni nini? Haisemi. Tafuta kwenye Katiba ya 1977, ibara ya 19, utakuta kila mtu ana uhuru wa imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadili dini, utakuta kueneza dini ni jambo la hiari la mtu binafsi na uendeshaji wa jumuiya za dini hauwi sehemu ya shughuli za mamlaka ya nchi, halafu mwishoni kuna kamstari kanasema popote palipotajwa dini maana yake ni pamoja na madhehebu ya dini. Imeishia hapo. Hakuna mahali pameandikwa dini lazima iwe na Mungu mmoja au kitabu au waumini wangapi. Hata Kanuni ya Adhabu inayokataza kuharibu mahali pa ibada, kuvuruga watu wakiwa kwenye ibada na kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine, nayo haikutafsiri dini ni nini. Na usidhani hilo la kuumiza hisia ni jepesi, kuna mhubiri wa mihadhara Morogoro alifungwa miezi 18 kwa kusema Yesu si mwana wa Mungu, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani na mwaka 2003 hukumu ikafutwa, kwa sababu mtu kuhubiri anachokiamini si sawa na kukusudia kuwaumiza wengine. Sisi wa Tanga tunaokaa nyumba moja Muislamu na Mkristo, chumba huyu chumba yule, tunaelewa tofauti hiyo bila kwenda mahakamani.

Basi mpwa wangu kusikia hivyo kafurahi, kumbe mjomba sheria haijali, naweza kuanzisha dini yangu! Nikamwambia kuamini unaweza, ukilala na kuamka unaamini mnazi ni mtakatifu hakuna wa kukugusa. Lakini siku ukikusanya watu, ukachukua sadaka, ukanunua kiwanja, ukafungisha ndoa, hapo serikali inakuja, na haiji kukuuliza unaamini nini, inakuja kukuuliza nani anawajibika. Jina lako nani, wenzako akina nani, katiba yenu iko wapi, mali imeandikwa jina la nani, leseni unayo? Ukishika hilo huwezi kupotea kwenye maofisi.

Kwa hiyo kanisa kisheria sio kitu kimoja, ni vitu vitatu vinavyopatikana kwenye madirisha matatu, na watu wengi wana kimoja wanadhani wamemaliza.

Dirisha la kwanza ni Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ni ya zamani ya 1954 enzi za mkoloni, na humo kanisa halina heshima ya pekee, linahesabiwa jumuiya tu, mkusanyiko wa watu kumi au zaidi, sawa na chama cha kuzikana. Ndo maana wanataka majina ya wanachama wasiopungua 10. Usiende kusajili kanisa kama NGO, sheria ya NGO ya 2002 imeyatoa mashirika ya dini nje kabisa, na usidanganywe na wale wanaosema fungua kampuni ni haraka, kampuni ni ya biashara na siku moja utaulizwa hisa za Roho Mtakatifu anamiliki nani.

Lakini kabla hata ya hapo jiulize kwa ukweli, je unahitaji kusajili? Dhehebu likishasajiliwa lenyewe linaorodhesha matawi yake na tawi halihitaji usajili wake peke yake. Kwa hiyo kama mko watu 25 mnasalia sebuleni kwa mama mmoja Duga na mafundisho yenu hayana tofauti na ya dhehebu ambalo lipo tayari, nendeni mkaongee nao muwe tawi. Najua haipendwi kusikika. Nusu ya makanisa mapya niliyoyaona yakianza hapa mjini hayakuanza kwa ufunuo, yalianza kwa ugomvi wa hesabu za sadaka, na wakaenda kuanza upya na ugomvi ule ule kwenye begi.

Haya, umeamua unasajili. Anza chini. Serikali ya mtaa wakujue, mtendaji wa kata akujue, mpaka ufike ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa sababu barua ya utambulisho ya DC inatakiwa kwenye maombi. Hapa watu wanaruka, wanapanda basi Kange asubuhi wanakwenda mpaka wizarani, wanaulizwa barua ya DC iko wapi, wanarudi na basi la jioni. Waja leo waondoka leo, ila kwa nauli yako mwenyewe. Na mwenyekiti wa mtaa umwendee kwa adabu, sio lazima awe wa dini yako, wetu ni mzee wa Kiislamu na ndo aliyetusaidia kuliko watu wote, alichouliza ni kimoja tu, mwanangu hizo spika zenu mtazifunga saa ngapi. Tangu yale ya Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, miili ya waumini zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, na Kilifi sio mbali na sisi, ofisi zote naona zinaangalia mara mbili kikundi kipya kinachosalia mahali pa kujificha. Wana haki. Wewe fungua madirisha watu waone.

Pamoja na barua hiyo wanataka wasifu wa viongozi, yaani sivii zao, na katiba. Sasa katiba ndo kitu ambacho nataka nikae nacho kidogo, maana watu wanaidharau, wanachukua ya kanisa lingine wanabadilisha jina kwenye kompyuta, kuna moja niliona ukurasa wa 9 bado limebaki jina la wenyewe. Katiba ya kanisa sio maungamo ya imani. Mistari ya Biblia weka ukurasa wa kwanza inatosha. Kinachosomwa ni jina, makusudi, nani ni mwanachama na anatokaje, viongozi wanapatikanaje na wanaondokaje, mkutano mkuu unaitishwa na nani, akidi ni ngapi, pesa zinasainiwa na watu wangapi, nani anakagua, ugomvi unaamuliwa wapi kwanza, katiba inabadilishwaje, na mkivunjika mali inakwenda wapi. Hasa viongozi wanaondokaje. Makanisa mengi yameandika namna ya kumwita mchungaji, namna ya kumuaga hakuna, halafu siku ikifika wanapigania funguo za mlango mbele ya watoto. Mkipelekana mahakamani jaji hatawaamulia nani ana upako, atauliza katiba yenu inasemaje na je mlifuata ngazi zake.

Jina nalo, likifanana na la jumuiya nyingine iliyopo Msajili anaweza kukataa, kwa hiyo njoo na majina mawili matatu mfukoni. Ada mi siandiki hapa kwa sababu zinabadilika, angalia tovuti ya wizara na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, ukiambiwa tuma kwenye simu ya mtu, geuka rudi. Na usajili ukishatoka hujamaliza maisha, kuna ada ya kila mwaka na taarifa ya mwaka, na Msajili aliyekusajili anaweza kukufuta, nadhani wote tuliona Juni 2025 kanisa la Ufufuo na Uzima la Gwajima lilivyofutiwa usajili, na lile lilikuwa kanisa kubwa, sio la mabati.

Kwa ndugu zetu Waislamu mlango ni huo huo wa Msajili ila kwa Bara taasisi ya Kiislamu inatakiwa iwe na barua ya BAKWATA, baraza kuu la Waislamu lililoanza 1968. Jirani yangu ustadhi ana madrasa na jumuiya yake ndogo, alihangaika zaidi na barua hiyo kuliko mi na ya DC, tukawa tunakutana jioni kwenye kahawa tunahesabiana mihuri. Na kama una mpango wa kuvuka Pemba, maana kwetu Pemba ni hapo mbele tu, jua kwamba Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, cheti cha Bara hakivuki maji.

Dirisha la pili ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na unachofuata pale ni bodi ya wadhamini. Hapa naandika kwa uchungu. Kanisa fulani nililokuwa nasali zamani, silitaji, lilinunua kiwanja upande wa Pongwe, tulichanga miaka mitatu, kina mama waliuza mihogo na kachori, na siku ya kuandikishiana kwa serikali ya mtaa hati ya mauziano iliandikwa jina la mchungaji, kwa nia njema kabisa, nani angeandikwa? Usajili wa jumuiya tulikuwa nao. Mchungaji akafariki. Msiba haujaisha arobaini, watoto wake wawili wa mjini wakaenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi na kiwanja kimo kwenye orodha ya mali za marehemu. Tukaja na daftari za michango, risiti, mashahidi, tukahangaika zaidi ya mwaka, mwisho tukakubaliana nao tukabaki na nusu, na ile nusu ndo yenye mkondo wa maji. Wale watoto siwalaumu sana, karatasi ilisema ya baba yao.

Ukiwa na bodi ya wadhamini hilo halitokei. Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu chombo cha dini, elimu, hisani na kadhalika kuteua wadhamini, na wakishasajiliwa RITA wanakuwa mtu mmoja kisheria, mtu asiyekufa, ana lakiri yake, yaani muhuri, anamiliki ardhi, anashtaki na kushtakiwa. Wadhamini wanabadilika, mmoja kafa mwingine kahamia Mwanza, bodi ipo pale pale. Kiwanja kinaandikwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa kanisa fulani, sio la mtu. Kwenda kule unabeba katiba, cheti cha usajili wa jumuiya, muhtasari wa mkutano uliowachagua wenye saini za waliohudhuria, na taarifa za kila mdhamini. Mchague watu wenye akili zao, sio mke wa mchungaji, mdogo wake na shemeji yake, nimeona bodi ya hivyo, hiyo ni familia imevaa suti. Mkibadilisha wadhamini pelekeni taarifa RITA, na marejesho ya kila mwaka msisahau, bodi nyingi zina wadhamini wawili marehemu na mmoja hajulikani alipo.

Kama kiwanja ni cha makazi, nenda halmashauri ukaulize kubadili matumizi kabla hujamwaga msingi, na kibali cha ujenzi uchukue. Sitaki kuzungumza sana hilo. Kodi pia kwa ufupi, kanisa kuwa kanisa hakukufanyi usionekane na TRA, watu wa mapato, sadaka sio biashara lakini fremu mnazopangisha pale mbele ni biashara, na mchungaji anayelipwa mshahara ana kodi ya mshahara kama mwalimu.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na jua lake linalozama. Dirisha la tatu, leseni ya kufungisha ndoa, nayo ni RITA. Kuna kitu watu hawakijui, neno mchungaji kwenye sheria zetu peke yake halikupi chochote. Kuwekwa wakfu ni jambo la ndani la kanisa lenu, unaweza kuwekewa mikono na maaskofu saba, ukawa umesoma chuo cha Biblia miaka minne, serikali haikupingi wala haikukubali, haina maoni. Rwanda walitunga sheria 2018 inayotaka viongozi wa makanisa wawe na digrii ya theolojia. Kwetu Msajili anataka sivii yako, ila hakuna aliyeandika kwamba bila digrii wewe sio mchungaji. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ya dini inafungishwa na kiongozi wa dini mwenye leseni, na upande wa Kiislamu sheria inamwita kadhi, masheikh wanaofungisha nao wanatakiwa wawe na leseni hiyo. Leseni anapewa mtu kwa jina lake, kwa kuombewa na dhehebu lake. Mchungaji wa kanisa lisilosajiliwa hana wa kumuombea, umeona inavyorudi dirisha la kwanza.

Mpwa wangu akabisha, mbona Marekani cheti hiki wanafungishia ndoa? Kweli, majimbo mengi kule aliyewekwa wakfu kwa intaneti anafungisha na inakubalika. Kule hata sheria ya kodi haijatafsiri kanisa ni nini, wale watu wao wa kodi IRS wana orodha ya mambo wanayoangalia, kama mna imani inayojulikana, utaratibu wa ibada, mahali maalum pa kusalia, waumini wanaokutana mara kwa mara, watumishi waliosomea, shule ya Jumapili, na si lazima yote yatimie. Sawa. Lakini Raskazone sio Marekani, nikamwambia, Raskazone iko Tanga.

Na hatari yake ipo. Sheria yetu inasema ndoa ni batili kama aliyefungisha hakuwa na mamlaka, isipokuwa angalau mmoja wa maharusi aliamini kwa dhati kwamba anayo. Huyo rafiki yake na mchumba wake wote walijua cheti kimetoka wapi, walicheka nacho kwenye grupu la wasap. Sasa fikiria miaka 12 mbele, mume kafariki, mke anaenda kufuata mafao, anaulizwa cheti cha ndoa, anatoa kile chenye laminesheni.

Ukishapata leseni kazi ndo inaanza. Taarifa ya nia ya kufunga ndoa inatolewa siku 21 kabla, na inatangazwa, zile Jumapili tatu za matangazo kanisani sio mapambo, ni nafasi ya mtu kuleta pingamizi, na pingamizi likija usilifute kwa maombi, lisikilize. Harusi ya haraka ina leseni maalum ya kupunguza siku hizo, inaombwa RITA, huamui wewe. Mashahidi wawili. Umri uangalie kwa cheti cha kuzaliwa sio kwa urefu, Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani 2019 zilishasema vifungu vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, kwa hiyo mama akikwambia mwanangu ana 16 lakini ameshaiva, mrudishe nyumbani. Waeleze maharusi kwamba ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi ikawa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo, mi nimeona mabwana wanashtuka madhabahuni. Na cheti unachowapa ni kile cha kitabu cha serikali, kile cha kanisa chenye njiwa na pete kiwekwe fremu ukutani sawa, ila sio hicho, halafu kumbukumbu zipelekwe RITA, usikae nazo kwenye droo.

Wakija maharusi mmoja Muislamu mmoja Mkristo, na Tanga watakuja, usianze kuwavuta huku na huku. Kuna ndoa ya bomani, kwa msajili wa wilaya, kila mtu anabaki na imani yake na cheti ni kile kile cha serikali, halafu wewe ukialikwa kwenye pilau nenda ukaombee chakula.

Tulivyomaliza ya mpwa wangu ni hivi. Mchungaji wetu ana leseni, mzee wa miaka 70 na kitu, nikamwomba, akasema baharini nakuja lakini matangazo yasomwe. Tarehe ikasogezwa mbele wiki nne, mpiga picha akanuna akakubali. Jioni ile upepo wa kusi unavuma, mzee kashika Biblia kwa mikono miwili isimpeperuke, kafungisha, maharusi wakasaini na mashahidi wakasaini juu ya meza ya plastiki ya muuza madafu, tumekibana kitabu kwa simu mbili. Mpwa wangu kapewa nafasi ya kusoma neno na kutoa nasaha, alisoma vizuri, sikutegemea. Cheti chake kiko kwenye kibanda chake Ngamiani, kakitundika juu ya kaunta karibu na bei za kubadili kioo, na wateja wanamwita mchungaji.